Picha ya Thelathini na Sita

Barua ilikuwa ya kikazi. Lukman alijiambia hivyo tangu anapanda gari Nachingwea mpaka anateremka stendi ya Ruangwa, vumbi hadi kwenye kope. Haikuwa na "mpenzi" juu wala ua lililochorwa chini. Mwalimu Zulekha wa chekechea anamwomba mpigapicha Lukman afike Jumatano kwa mipango ya picha za watoto, picha zitapigwa nje siku ya Jumamosi. Basi. Mistari minne. Mistari minne hiyo kaisoma mpaka karatasi ikaachana kwenye mkunjo, na asubuhi hiyo kavaa shati la Idd, lile la kola ngumu, halafu anajidai kazi ni kazi.

Tumjue kidogo huyu kijana. Mwaka huo wa elfu mbili Lukman alikuwa na miaka ishirini na tatu. Alimaliza kidato cha nne Nachingwea, matokeo yakaja yalivyokuja, baba yake Mzee Abdalah akamwita arudi Mkotokuyana kwenye mikorosho. Akasema ndiyo baba narudi, akaondoka na kamera aliyopewa na mjomba wake. Tangu hapo hajakaa. Leo harusi, kesho mahafali, keshokutwa kaitwa kijijini watoto wanatoka jandoni na nguo mpya. Anawapanga watu na familia zao, baba katikati, mama pembeni, wadogo mbele, sogeeni, shikaneni mikono, hivyo hivyo. Wakishatawanyika anairudisha kamera kwenye begi, anatafuta mama ntilie, anakula wali wake kwenye benchi la watu wanane akiwa peke yake. Kila mji anajulikana. Hakuna mji anaosubiriwa.

Na hapo Ruangwa ndipo alipokuwa anataka asubiriwe.

Chekechea yenyewe ilikuwa nyumba moja ndefu ya udongo, imepakwa chokaa, nje kidogo ya soko. Watoto walishakwenda kwao. Zulekha alikaa kwenye mkeka barazani, daftari mapajani, kalamu kaichomeka kwenye mtandio. Hatua tatu kutoka kwake, shangazi yake Bibie kaketi kwenye kigoda, sinia la korosho mbele yake, anabangua. Tak, tak, tak. Lukman alipoliona lile sinia moyo ukapoa. Sinia limejaa mpaka linamwagika, yaani huyu mama leo hana safari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Za Nachingwea?"

"Nzuri tu."

"Jana ulilala wapi?"

Mwingine angesema ni salamu. Lukman alijua siyo salamu. Miezi mitano nyuma, mjomba wake Mikidadi alivaa kanzu akaja na mzee mwenzake kumposea. Bibie ndiye aliyemlea Zulekha tangu mama yake afariki na baba yake aoe Kilwa akasahau njia ya kurudi, kwa hiyo posa ilifika kwake. Akawapokea vizuri, akawapa chai na mihogo, akawaambia kijana wao ana adabu na uso wake hauna ubaya. Kisha akauliza jambo moja. "Akitoka hapa analala wapi? Siku mwanangu akiumwa, nimtafute kwenye harusi ya nani?" Mzee Mikidadi akaangalia kikombe. Lukman alipofikishiwa hilo swali, na yeye akaangalia chini. Ndiyo posa ikafia hapo. Toka siku hiyo akionana na Zulekha ni kwa kazi, na kazi inasimamiwa na korosho.

"Nililala kwa rafiki yangu mmoja," akajibu.

"Haya," Bibie akasema. Tak.

Zulekha akafungua daftari. Bila kumtazama, akaeleza kwamba watoto wako thelathini na wanne, Januari wanaingia darasa la kwanza, na wazazi wamekubaliana kila mtoto apate picha yake mwenyewe, ya nje, kwenye mwanga, isiwe zile za kubanana ndani mpaka mtoto anaonekana macho tu. Lukman akasema mkanda mmoja unatoa picha thelathini na sita. Kila mtoto moja, halafu moja ya wote kwa pamoja, inakuwa thelathini na tano. Hakuna ya kurudia. Mtoto akipiga chafya ndiyo imetoka hiyo.

Wakainuka kutafuta mahali. Zulekha alikuwa ameshachagua, pale chini ya mkorosho, kwamba pana kivuli kizuri. Lukman akasimama penyewe, akamwonyesha mkono wake ulivyopigwa na jua madoa madoa kupitia majani.

"Hapa mwanao atatoka kama chui," akasema.

Zulekha akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua, kile cha kwenye koo, na kule barazani tak tak zikakatika. Akajifuta mdomo na mtandio, akauliza kwa sauti ya mwalimu, basi wapi. Lukman akamwambia tutumie ukuta wenu. Saa mbili asubuhi jua linapiga kwenye chokaa, chokaa inalirudisha polepole. Mtoto asimame kwenye kivuli cha lile banda la jikoni, uso aupeleke kwenye ukuta, mgongoni kwake ubaki ule mlima unaoonekana kule ng'ambo. Hatakunja macho, na uso utakuwa kama umepakwa mafuta. Saa tatu na nusu jua linapanda, imekwisha. Alipokuwa anaongea hayo alikuwa anatembea, ananyoosha mikono, na Zulekha alikuwa anamwangalia hivi, kalamu imesimama hewani. Wakagongana macho. Mmoja akaangalia mlima, mwingine akaangalia daftari.

Kulikuwa na shida ya viatu. Wenye viatu walikuwa kumi na mmoja. Lukman akasema hawa wengine tuwapige nusu, kuanzia kiunoni. Zulekha akakataa.

"Nusu hapana. Mtoto anakwenda shule. Mama yake anataka amuone mpaka miguu."

"Sasa tutafanyaje?"

"Nimewapima kwa kijiti," akasema, akamgeuzia daftari.

Alikuwa amepima miguu yote. Thelathini na minne. Kapanga majina kwa ukubwa wa mguu, kiatu cha Rabia kinamtosha huyu na huyu na huyu, wakifuatana kwenye mstari mmoja anavua mwingine anavaa, hakuna kupoteza muda. Viatu jozi nne vinatosha darasa zima. Lukman alisoma lile daftari kama lile ndiyo barua aliyokuwa anaisubiri. Alifikiria jinsi Zulekha alivyochuchumaa hapo barazani na kijiti chake, anashika visigino vyenye vumbi kimoja kimoja. Mwanamke wa hivi unamwacha vipi kwenye mji wa watu?

Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa la Hasani, mjukuu wa Bibie, miaka sita, mkorofi wa hali ya juu.

"Huyu safari hii umpige kweli," Zulekha akasema kwa chinichini, na pembe ya mdomo ikamcheza.

Hapo kuna habari. Miaka miwili nyuma, siku ya Idd, Lukman alikuwa uwanjani Nachingwea, watoto wamemzunguka na nguo mpya kama nyuki. Wengi wao wazazi wao hawakuagiza picha, lakini mtoto huwezi kumfukuza siku ya Idd. Wapigapicha wana dawa yao. Nyuma ya flashi kuna kitufe kidogo, ukikibonyeza flashi inawaka peke yake, kamera yenyewe imelala. Mtoto anafurahi, anaondoka, mkanda hujaugusa. Lukman alishawawashia watoto mia na hakuna aliyewahi kujua. Siku hiyo alimwashia Hasani, aliyekuja na Zulekha kusalimia ndugu zao, na yule dada akabaki amesimama.

"Huyu hujampiga."

"Nimempiga dada, hukuona flashi?"

"Flashi nimeiona. Kamera sijaisikia."

Toka azaliwe Lukman hajawahi kusikilizwa namna hiyo. Akamzimikia palepale, mbele ya watoto na puto zao.

Sasa turudi barazani. Orodha imeisha, mahali pamepatikana, saa imepangwa. Lukman anatafuta neno la kumfanya akae dakika nyingine kumi, na Bibie akaweka jiwe lake chini.

"Imebaki moja," akasema.

"Ipi shangazi?"

"Umesema mkanda unatoa thelathini na sita. Watoto na kundi lao, thelathini na tano. Hiyo ya mwisho umpige mwalimu. Nzima. Miguu ionekane."

Akaeleza mwenyewe, wazi kabisa, huku anapepeta maganda. Kuna kijana wa watu anaitwa Masoudi, kwao ni hapo Matambarale, ana duka la spea Dar es Salaam na nyumba ya kwake. Anataka kuoa, jibu atoe kabla ya Ramadhani. Ndugu zake wamemwonyeshea mabinti watatu, na kila mmoja ameombwa picha ya kusimama. Wawili wameshapeleka. "Na hapa fundi tunaye sisi," Bibie akasema, na alivyosema siyo kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunga mlango taratibu ili aliyeko nje asiumie vidole.

Lukman hakuona kitu kwa muda. Mlima ulikuwepo, ukuta ulikuwepo, yeye ndiye hakuwepo. Alichosikia ni sauti ya Zulekha, imetulia, ya kumfundisha mtoto kuhesabu.

"Basi unipige ile ya Idd."

"Ya Idd ndiyo ipi?" Bibie akauliza.

"Ya kusimama, shangazi. Mkono mmoja kiunoni."

"Mkono kiunoni hapana. Mikono mbele, kama mtu mwenye kwao."

"Sawa shangazi. Mikono mbele. Lakini ya Idd." Akamtazama Lukman moja kwa moja, mara ya kwanza toka amefika. "Umenielewa fundi?"

"Nimekuelewa mwalimu."

Alielewa vizuri sana. Flashi iwake, kamera ilale. Mkanda ukisafishwa picha isitoke, waseme mkanda uliungua mwishoni, na Masoudi achague kati ya wale wawili waliotoka. Kumkatalia shangazi usoni Zulekha asingeweza, mtu kakulea na kukusomesha kwa mikono iliyoungua mafuta ya korosho. Hiyo ndiyo "hapana" aliyokuwa nayo, na kaja kuikabidhi kwake. Lukman alitembea mpaka stendi anacheka peke yake kama chizi. Alitamani kumwambia mtu. Akaangalia stendi nzima, makondakta, wauza karanga, abiria wamekalia mizigo, hakumwona wa kumwambia.

Jumamosi ilikwenda kama ilivyoandikwa kwenye daftari. Saa mbili jua likagonga chokaa. Watoto walisimama kwenye mstari kwa ukubwa wa miguu, wamepakwa mafuta mpaka wanateleza, akina mama wamejaa pembeni wanatoa maelekezo ambayo hakuna aliyewaomba. Viatu vya Rabia vilizunguka miguu tisa, na wa tisa alivikuta vina joto kama mkate. Hasani zamu yake ilipofika alinuna, akavimba mashavu, akaambiwa cheka akatoa ulimi. Lukman akasubiri. Ulimi uliporudi ndani, akabonyeza, kamera ikalia kacha, akavuta mkono wa kusogeza mkanda. Akamtazama Zulekha. Zulekha akatikisa kichwa kidogo tu. Nimeisikia.

Kisha kundi zima, ya thelathini na tano. Halafu Bibie akasema haya mwalimu.

Akaja akasimama. Gauni la kitenge cha kijani, mtandio mweupe, viatu vya kuazima na yeye, maana vyake havifai kwenye picha. Bibie akamnyoosha bega, akamfuta vumbi shingoni na kidole chenye mate, akarudi nyuma. Watoto, sasa wako huru, wamejazana mgongoni kwa Lukman wanapiga makelele, mwalimu cheka, mwalimu cheka, mama zao wanacheka, mmoja anapiga vigelegele.

Lukman akaweka jicho kwenye kamera, kidole gumba nyuma ya flashi, kwenye kile kitufe kidogo.

Na ndani ya kile kioo alimwona peke yake. Hakuna shangazi, hakuna korosho. Amesimama kwenye mwanga aliompangia yeye, anamwangalia yeye. Ikamjia kwamba kapiga nusu ya Nachingwea na Ruangwa, ana picha za maharusi asiowajua majina, na hana hata moja ya huyu. Angeiomba vipi, kwa kisingizio gani, mtu aliyekataliwa posa? Na kama siku moja atakuja mwingine mwenye duka na nyumba, yeye atabaki na nini, barua ya mistari minne? Alifanya hesabu haraka. Picha zinasafishwa Lindi, zinarudi na basi Alhamisi, anazipokea mwenyewe stendi. Anaitoa hii moja, anaiweka kwenye begi, bahasha anaipeleka na thelathini na tano. Nani atajua?

Akabonyeza vyote viwili, kile kitufe na kile cha kupigia picha.

Kacha ilimezwa na makelele ya watoto. Flashi ikawaka, na Zulekha akashusha macho kidogo, taratibu, namna mtu anavyosema asante bila kutumia mdomo. Lukman akajisikia vibaya hapohapo. Akajiambia Alhamisi nitamwonyesha, atacheka.

Mkanda alimkabidhi Dismas, kondakta wa basi la Lindi, mtu wake wa siku nyingi. Siku zote juu ya pakiti huandika "Lukman, Nachingwea." Siku hiyo alishika kalamu akaandika "Mwalimu Zulekha, Chekechea, Ruangwa." Hakuna sababu. Alikuwa anapenda mkono wake unavyokwenda ukiandika lile jina, na mahali pa kuliandika hana. Akamwambia Dismas Alhamisi nakuja mwenyewe, Dismas akasema poa mshikaji.

Akaenda Mkotokuyana, akakaa mbele ya baba yake, akasema sasa anataka kutulia. Mzee Abdalah alimsikiliza mpaka mwisho, akafikiri, akasema korosho zipo shambani zinaokotwa, Alhamisi zinapelekwa ghalani, na yeye mgongo hauko sawa. Kama Lukman atakaa wiki hiyo abebe magunia, watu wa Mkotokuyana wakamwona, basi Jumapili inayofuata atavaa kanzu yeye mwenyewe aende Ruangwa. "Nitamwambia yule mama, mwanangu analala kwangu," mzee akasema. "Nina vyumba vitatu."

Jibu la lile swali la Bibie, miezi mitano limekosekana, hilo hapo. Vyumba vitatu. Sasa wewe ungefanyaje? Lukman alibaki. Dismas ni mtu wake, bahasha itakaa salama kwenye gari hadi Jumamosi. Alibeba magunia siku nne, mabega yakachubuka, na kila gunia alikuwa analibeba kwa ajili ya mtu mmoja.

Jumamosi akashuka stendi ya Ruangwa kabla gari halijasimama vizuri.

"Bahasha yako?" Dismas akasema. "Nilimpa yule mama anayeuza korosho pale sokoni. Wewe hukuja, mimi nikaita jina lililoandikwa, mwalimu Zulekha, mwalimu Zulekha. Akaja yeye, akasema ni mwanaye. Kwani vipi?"

Lukman alikuwa ameshaondoka.

Barazani palikuwa na sherehe. Picha zimetandazwa kwenye mkeka, akina mama wamepiga magoti, watoto wanajitafuta. Rabia kajiona na viatu vyake, analia kwamba na wengine wamepigwa navyo. Bibie alipomwona Lukman aliinuka, akamshika mikono yote miwili, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Mwanangu, Mungu akuweke. Ile ya mwalimu nimeiangalia nikamwona wifi yangu amefufuka. Na yale macho ya haya, kayashusha kama bibi harusi kabisa. Nani alimfundisha?"

"Iko wapi shangazi?"

"Ijumaa asubuhi imepanda basi la Dar."

Zulekha alikuwa ukutani, mahali palepale alipowapanga watoto, anamfunga Hasani kamba ya kaptula. Hakuinua uso mpaka alipomaliza fundo. Akamwambia Hasani nenda kwa bibi. Wakabaki wawili, na kule barazani, kwa mara ya kwanza, Bibie hakuwa anawaangalia. Hakuwa na haja tena.

"Kamera ililia?" Zulekha akauliza.

"Ililia."

"Watoto walikuwa wanapiga kelele. Sikuisikia."

Lukman akaanza kueleza. Kwamba alitaka moja tu, yake, ya kukaa nayo. Kwamba alipanga kuitoa. Kwamba alibaki Mkotokuyana kwa ajili ya baba yake, na baba yake anakuja Jumapili, kesho, na kanzu, ana vyumba vitatu. Alieleza vizuri kabisa, kwa mpangilio, na kadiri alivyokuwa anaeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe kwamba kila kitu kilikuwa na sababu nzuri.

"Ungeniambia umepiga," Zulekha akasema. "Ningekwenda stendi mimi. Alhamisi nilikuwa hapa hapa. Hatua mia mbili."

"Nisamehe."

"Nilikwambia kitu kimoja, Lukman. Nilikwambia mbele yake, nikijua mtu pekee duniani atakayenisikia ni wewe."

Hakulia, na angelia ingekuwa nafuu. Alisema shangazi kashatuma, neno limeshatoka. Masoudi akichagua mwingine, Mzee Abdalah aje na karibu sana. Akichagua hii. Hapo akaangalia mlima, na Lukman hakuthubutu kumalizia.

Zulekha akatoa kitu kwenye mfuko wa gauni, kakifunga kwa karatasi ya daftari. Ilikuwa negativu, vipande vyake vyote.

"Chukua. Shangazi alitaka kuzitupa, hajui ni nini."

Lukman alizifungua kwenye gari la kurudi Nachingwea, akakinga kile kipande cha mwisho kwenye dirisha. Unajua negativu ilivyo, kila kitu kiko kinyume. Mtandio mweupe ulikuwa mweusi, uso wake umekuwa mweupe kama wa mtu asiyemjua, na macho kayashusha. Alikuwa anashukuru. Ndiyo picha aliyokuwa anaitaka, ya kukaa nayo.

Kesho yake Mzee Abdalah alivaa kanzu akaenda Ruangwa kweli. Bibie akampa chai na mihogo, akamwambia angetangulia wiki moja tu.

Wiki ya pili ya Ramadhani Lukman alikuwa stendi ya Nachingwea na begi lake, hajaamua aende wapi, Dismas akamletea barua. Mistari minne. Mpigapicha Lukman anaombwa afike Ruangwa Idd pili kwa ajili ya picha za harusi ya mwalimu, zitapigwa nje, asubuhi, pale ukutani, maana shangazi hataki fundi mwingine. Chini imeandikwa jina la Bibie. Lakini Bibie hajui kusoma wala kuandika, na ule mwandiko Lukman alikuwa anaujua, aliuchakaza mwenyewe kwa macho mpaka karatasi ikaachana kwenye mkunjo.

Aliikunja hii nayo, hivyo hivyo, mara mbili, akaitia kwenye begi pembeni ya kamera.

"Vipi, una safari ya Ruangwa?" Dismas akamuuliza.

"Ndiyo."

"Kwa yule mwalimu wako?"

"Kikazi," Lukman akasema.